Isale Mlangoni kwa Yoeli

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa mlimani, juu ya Usa River. Jina lake ni Tabitha, mke wa Bariki. Amezikwa juma lililopita nyuma ya nyumba yake, kati ya migomba na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Tabitha, mke wa Bariki. Lishikeni jina hilo.

Waliomfahamu wanasema hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mtu wa kutazama. Ukifika kwake, kabla hujakaa, ameshaona viatu vyako vina udongo wa njia ipi. Na waliofika kwake walikuwa wengi. Kwa miaka mingi, mtu wa vijiji vile akikamatwa na polisi, ndugu zake hawakukimbilia kwa wakili. Wakili alikuwa mjini na mji ulikuwa mbali. Walikwenda kwa Tabitha.

Binti yake, Anjela, ametusimulia hivi:

"Mama alikuwa anaacha jembe, ananawa mikono, halafu anauliza swali moja kabla ya yote. Ameshasema nini huko? Wakimjibu kwamba hajasema kitu, mama anashusha pumzi. Anasema, haya, ngoja nivae kitambaa changu, twende Boma."

Sasa, Tabitha hakusomea sheria. Alisoma madarasa manne ya shule ya misheni, basi. Alichokijua alikijua kwa sababu kiliwahi kuingia nyumbani kwake bila kupiga hodi.

Turudi nyuma, wasikilizaji. Turudi enzi za Mwingereza. Ni ile miaka baada ya Wameru kuondolewa Engare Nanyuki kupisha mashamba ya wazungu. Mlima mzima ulikuwa na uchungu, na uchungu ule ulizaa mashaka. Nani anapeleka maneno Boma, kwa wakubwa wa serikali? Nani alionekana akiongea na askari njia panda? Mtu akikusalimia vizuri kupita kiasi, unakwenda unajiuliza anataka nini. Hewa waliyovuta ilikuwa hiyo.

Tabitha alikuwa ameolewa majuzi tu. Alikuwa na mtoto mmoja mchanga, huyu huyu Anjela, na ubatizo wa mtoto ulikuwa umekaribia. Mumewe, Bariki, alikuwa kijana wa mikono mikubwa na ulimi mzito. Mama mkwe wake, Mama Hanna, alikaa nyumba ya pili katika kihamba hicho hicho, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa. Na ng'ambo ya mpaka alikaa jirani yao, Yoeli, mzee wa kanisa, mtu wa kahawa nyingi na sauti kubwa.

Mpaka kati ya Bariki na Yoeli ulipandwa isale. Kwa wasikilizaji wa mbali, isale ni ule mmea wa majani marefu ambao watu wa mlimani huupanda mpakani. Na jani lake lina kazi nyingine. Ukimkosea mtu, unachukua jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Maana yake ni kwamba, naomba tuzungumze, naomba msamaha. Na aliyeletewa isale hawezi kulitupa. Hata kama ana hasira ya simba, lazima akae asikilize. Tangu mababu ilikuwa hivyo.

Bariki na Yoeli waligombana juu ya maji. Mfereji ni mmoja, unashuka kutoka mlimani, na maji huenda kwa zamu. Kiangazi kile maji yalikuwa kidogo. Siku moja Bariki alichelewa kuziba upande wake, zamu ya Yoeli ikaingia huku maji bado yanakwenda kwa Bariki. Yoeli alikuja juu.

"Kijana, maji yana zamu. Ujanja kawafanyie watoto wenzio."

"Mzee, nimechelewa kidogo tu."

"Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo. Kuchelewa kidogo tu, mpaka kaburini."

Watu waliokuwa pale wakacheka. Bariki hakucheka. Akasema mbele ya wote:

"Iko siku utayatafuta haya maji usiyaone."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Utayatafuta haya maji usiyaone. Tabitha alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, akayasikia, na hakuyapenda.

Ikaja Jumapili. Watu walikuwa kanisani. Tabitha alikuwepo, Mama Hanna alikuwepo, Yoeli alikuwa amekaa mbele kwenye benchi la wazee. Bariki hakuwepo. Alimwambia mkewe asubuhi kwamba tumbo linamsumbua. Katikati ya mahubiri mtu akafungua mlango wa kanisa kwa nguvu. Moshi, akasema. Moshi kwa Yoeli.

Walikimbia wote, mchungaji na kanzu yake. Banda la Yoeli la kukaushia kahawa lilikuwa linawaka. Ndani mlikuwa na kahawa ya msimu mzima. Wanawake wakakimbilia mfereji na ndoo. Wakakuta mfereji mkavu. Tope tu na majani. Watu wakasema ni kiangazi hiki. Wakabaki wamesimama na ndoo tupu, banda likaisha mbele ya macho yao.

Bariki alitokea baadaye, moto umeshalala. Tabitha alimtazama. Kaptula yake ilikuwa imelowa hadi juu ya magoti. Usiku ule, alipoivua, mkewe aliichukua akainusa. Haikunuka moshi. Ilinuka tope.

"Tumbo limepoa?" Tabitha akauliza.

"Limepoa."

"Ulikuwa wapi?"

Bariki akageukia ukuta.

Tabitha akaifua ile kaptula mwenyewe, akaianika nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu wa njiani hawezi kuiona. Kichwani mwake alikuwa na mawazo mawili, na yote mawili mabaya. Wazo la kwanza lilikuwa la moto. Wazo la pili lilikuwa la mwanamke. Chini kule bondeni, mahali ambapo mtu hulowa magoti akivuka, palikuwa na nyumba ya mjane mmoja mwenye kicheko kirefu. Tabitha hakusema kitu. Alisubiri.

Kesho yake asubuhi Yoeli alifungua mlango akakuta jani la isale kizingitini. Jani bichi, limefungwa fundo. Hakuna mtu aliyesimama nalo. Hakuna mzee wa kulisemea. Jani peke yake.

Mila inasema asubiri, mwenye jani atakuja. Yoeli hakusubiri. Alilifunga kwenye gazeti akalipeleka polisi Usa River.

Wasikilizaji, jambo hilo lilisemwa sana. Wazee walinong'ona kwamba isale haipelekwi polisi. Lakini walinong'ona tu, maana nani angesema kwa sauti aonekane anamtetea mchoma moto?

Askari walikuja wawili. Walimkuta Bariki anapalilia maharage.

"Wewe ndiye Bariki?"

"Ndiyo mimi."

"Jumapili wakati wa ibada ulikuwa wapi?"

Bariki akaendelea kupalilia.

"Tunakuuliza, bwana. Ulikuwa wapi?"

Bariki alitazama jembe lake. Walimfunga pingu mbele ya mkewe na mama yake. Alipofika kwenye isale za mpakani akageuka, akamtazama Tabitha kama mtu anayetaka kusema neno, halafu akaendelea kutembea.

Tabitha alibaki amesimama hapo mpakani. Ndipo akaona. Katika isale moja, upande wao, palikuwa na jani lililokatwa. Mkato ulikuwa bado mpya, unatoa maji. Akasema kimoyomoyo, basi ni kweli. Ameunguza, na ameomba msamaha kwa siri.

Aliposikia mumewe amepelekwa Arusha, alishika njia na lori la ndizi, mtoto mgongoni. Mjini hakuwa na mtu. Alikaa kwenye nyasi nje ya Boma tangu asubuhi, akiwatazama wanaoingia na wanaotoka. Alimwona mwanaume mmoja aliyevaa koti, ambaye kila aliyetoka mahakamani alimpa mkono kwa heshima. Aliitwa Solomoni. Alikuwa mkalimani wa mahakama. Tabitha alimvizia mpaka alipotoka kwenda kula.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni yule uliyekaa hapo tangu asubuhi."

"Umenionaje?"

"Mtoto wako analia kwa sauti ya Kimeru," Solomoni akasema. "Una shida gani, mama?"

Tabitha hakumwamini. Mtu mwenye koti anayemcheka mtoto wako bila kuombwa, anataka nini? Huenda ni yeye anayepeleka maneno kwa polisi. Akauliza swali lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Kuna mtu amekamatwa. Wanamuuliza, hajibu. Wanasema anayenyamaza amekiri. Ni kweli?"

"Mimi si wakili. Mimi kazi yangu ni kugeuza maneno ya watu."

"Basi nigeuzie hayo."

Solomoni akacheka, akakaa kwenye ngazi.

"Sikiliza. Kunyamaza si kukiri. Mtu halazimishwi kusema. Na hata akisema mbele ya polisi kwamba ni mimi niliyefanya, mahakama haichukui kukiri kwa mbele ya polisi. Akitaka kukiri, na akiri mbele ya hakimu, kwa hiari yake. Umesikia? Kazi ya kuthibitisha ni ya anayeshtaki."

"Na wakimletea karatasi aweke dole gumba?"

"Ameisoma?"

"Hajui kusoma."

"Amesomewa akaelewa?"

"Sijui."

"Basi mwambie asiweke dole kwenye asichokielewa."

Tabitha alimpandisha mtoto mgongoni. Kisha akatoa swali alilokuja nalo kutoka nyumbani, lile la kaptula.

"Na mke wake, wanaweza kumweka mbele wamlazimishe aseme aliyoyaona?"

Solomoni akamtazama vizuri.

"Mlifunga ndoa kanisani?"

"Nimesema kuna mtu."

"Haya. Huyo mtu alifunga ndoa kanisani?"

"Kanisani. Mke mmoja."

"Basi mashtaka hawawezi kumwita mkewe amshuhudie vibaya. Hilo lisimnyime usingizi huyo mke."

Alasiri ile alimwona mumewe, wamesimama mbali, askari katikati. Tabitha alimwambia kwa Kimeru: "Usiweke dole kwenye karatasi usiyoielewa. Na usiseme kitu kwa kuogopa." Bariki aliinamisha kichwa, akakubali. Askari akawaambia waongee Kiswahili au wanyamaze. Wakanyamaza. Tabitha aliondoka pale akiwa bado hajui kama amemsaidia mtu asiye na hatia au amemfundisha mwenye hatia kujificha. Anjela anasema mama yake alikuwa akilikumbuka wazo hilo hata uzeeni. "Alisema lilikuwa zito kuliko mtoto mgongoni."

Akarudi nyumbani kungoja siku ya kesi. Na nyumbani aliendelea kutazama. Akaona kitu. Mama Hanna, ambaye kila siku alipitia mpakani kwenda kukata majani ya ng'ombe, alikuwa hapitii tena. Alizunguka chini, njia ndefu yenye matope, na mguu wake mbovu.

Siku moja walikuwa wanapukuchua maharage uani.

"Mama," Tabitha akasema, "nani alikata isale mpakani?"

"Isale ziko nyingi. Watu wanakata."

"Hii ilikatwa upande wetu."

"Madarasa manne yale ulisomea kunihoji mimi?"

"Hapana, mama. Nauliza tu."

"Polisi wana nguo zao, ninyi wengine mnafanya kazi yao bila nguo."

Tabitha aliendelea kupukuchua. Maganda yakajaa miguuni mwao, jua likasogea kutoka ukutani, na bado hakujibu. Mwishoni mama mkwe mwenyewe akavunja ule ukimya. Alisema bila kuinua macho.

"Nilisikia kishindo chake cha kurudi siku ile. Nikaona uso wake. Nimemzaa mimi, naujua uso wake akiwa na kosa. Nikasema, ameunguza banda la watu. Nikasema, nikimpelekea Yoeli isale mapema, hasira itapoa, tutakaa tutayamaliza hapa hapa kwetu. Nikalikata. Nikaliweka. Nikaogopa kusimama nalo."

"Alikutuma?"

"Nani? Bariki? Hata hajui."

Tabitha aliweka ungo chini.

"Mama, mahakamani wanasema jani lile ni la Bariki. Wanasema amekiri kwa jani."

"Najua."

"Itabidi ukaseme ni lako."

"Nikasimame mbele ya mzungu, niseme mimi mama yake nilimshuku mwanangu?" Mama Hanna akainua macho. "Wewe ungeweza? Na wewe, hukumshuku? Kaptula ile uliianika wapi?"

Wakatazamana, wasikilizaji. Wanawake wawili, mtu mmoja wanayempenda, na wote wawili walimshuku. Tabitha hakumsukuma. Alimwambia tu siku ya kesi ni ipi, na lori linapita saa ngapi.

Siku ya kesi Mama Hanna alikuwa barabarani kabla yake, amevaa nguo ya kanisani.

Chumba cha mahakama kilijaa. Yoeli alikula kiapo, akaeleza moto, akaeleza ugomvi wa maji. Akayarudia maneno ya Bariki: utayatafuta haya maji usiyaone. Kisha afisa wa polisi aliyekuwa anaendesha mashtaka akainua lile jani. Lilikuwa limenyauka, limefungiwa kikaratasi kama mguu wa kuku wa mnada. Akasema kwamba kwa mila ya Wameru, anayepeleka jani hili amekiri kosa.

Hakimu, mzungu mmoja mwenye mafua, akamuuliza Yoeli. Solomoni akayageuza maneno.

"Ulimwona mshtakiwa akiliweka?"

"Sikumwona, bwana."

"Sasa umejuaje ni lake?"

"Nani mwingine mwenye kosa na mimi?"

"Nimekuuliza umejuaje."

Yoeli akafuta uso. "Nimedhani, bwana."

Zamu ya Bariki ilipofika, aliambiwa haki yake. Aliambiwa anaweza kula kiapo na kusema, anaweza kusema bila kiapo, anaweza kunyamaza. Solomoni alimgeuzia polepole. Bariki akasema kwa sauti ndogo: "Sikuchoma banda la mzee. Zaidi ya hapo nitanyamaza." Akaulizwa kama ana shahidi. Akatikisa kichwa.

Hapo Mama Hanna akasimama kutoka nyuma. Askari akataka kumkalisha. Akamwambia askari kwa Kimeru, "Mwanangu, mguu wangu ukikaa hauinuki tena, niache." Wenye Kimeru wakacheka. Hakimu akauliza nini kinachekwa. Akaruhusu aje mbele.

"Jani ni langu," akasema. "Nilikata mimi. Niliweka mimi. Hakunituma mtu."

Afisa wa polisi hakuliachia. "Kwa nini uliweka?"

"Niliogopa."

"Uliogopa kwamba mwanao amechoma?"

Tabitha aliona mama mkwe wake ameshika ubao kwa mikono miwili. Aliona Bariki amemgeukia mama yake, mdomo wazi.

"Ndiyo," Mama Hanna akasema. "Niliogopa hivyo. Sikumwona. Niliogopa tu."

Afisa akamgeukia hakimu kama mtu aliyeshinda. Bwana hakimu, hata mama yake mzazi anamshuku.

Hakimu alipenga kamasi, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, na Solomoni akageuza, kwamba hofu ya mama si ushahidi. Kwamba jani si la mshtakiwa. Kwamba maneno ya hasira juu ya maji hayawashi moto. Kwamba mtu akinyamaza, mahakama haijazi kimya chake kwa dhana. Hakuna aliyemwona. Upande wa mashtaka haujathibitisha. Mshtakiwa aende.

Kesi iliishia hapo. Banda lile liliunguzwa na nini? Hadi leo hakuna anayejua. Labda kaa la jikoni, labda mtu aliyeshaondoka. Hakuna anayejua.

Lakini habari ya Tabitha haikuishia hapo.

Walirudi kwa lori mpaka Usa River, kisha wakapanda mlima kwa miguu. Mama Hanna alitangulia na mtoto. Hakutaka kutembea karibu na mwanawe. Tabitha na Bariki walikuwa nyuma. Njia nzima Bariki alitembea kama mtu aliyebeba mzigo, na mikono yake haikuwa na kitu.

"Sasa hatuko Boma," Tabitha akasema. "Hapa hakuna askari. Mimi nakuuliza kama mke wako. Mjane wa bondeni?"

Bariki akasimama. "Mjane gani?"

"Ulilowa hadi magotini."

Ndipo akasema. Alisema akiwa ametazama chini.

"Nilikuwa juu, kwenye kichwa cha mfereji. Maharage yetu yalikuwa yanakufa. Jumapili ilikuwa zamu ya Yoeli, na nilijua yeye yuko kanisani, kila mtu yuko kanisani. Nikaweka vigogo vya migomba, nikaziba upande wake, nikageuzia maji kwetu. Nikasema, saa moja tu. Halafu nikaona moshi."

Tabitha alielewa kabla hajamaliza. Aliona tena wanawake na ndoo zao. Tope tu na majani.

"Mfereji ulikuwa mkavu," akasema.

"Nilikimbia kufungua. Maji yalipofika kwake, banda lilikuwa limekwisha."

"Na ukanyamaza."

"Ningesemaje? Kwamba niliiba maji ya mzee wa kanisa, siku ya Bwana, na kwa sababu yangu kahawa yake yote imeungua? Wangenitenga. Mtoto asingebatizwa. Na nilimwambia mbele ya watu, utayatafuta haya maji usiyaone."

Walisimama pale njiani. Tabitha alijua mumewe yuko huru, na jirani yao hajui. Alijua hakuna askari atakayerudi kuuliza habari za maji. Mfereji ulikuwa umeshajaa tena. Wangeweza kwenda nyumbani, wakapika, wakalala. Ni watu wawili tu waliojua, na wote wawili walikuwa wanajua kunyamaza.

Alitembea mpaka mpakani. Pale kwenye isale akatoa kisu cha kumenyea ndizi, akakata jani, karibu na lile lililokatwa na mama mkwe. Akalifunga fundo. Akamwekea Bariki mkononi.

"La mama lilikwenda peke yake," akasema. "Hili litakwenda na mwenyewe."

"Atanirudisha polisi."

"Huenda."

"Na wewe ndiye uliyeniambia ninyamaze."

"Nilikuambia unyamaze mbele ya polisi. Yoeli si polisi. Yoeli ni jirani yako."

Walikwenda wote wawili. Yoeli alikuwa amekaa nje, bado na nguo za mahakamani. Alipoliona jani aliinuka, akataka kuingia ndani. Kisha akasimama. Hakusahau kwamba safari ya kwanza isale ilimfikia akaifunga kwenye gazeti akaipeleka polisi. Akakaa tena.

Bariki alisema yote. Kichwa cha mfereji, vigogo, saa moja tu, moshi. Yoeli alisikiliza mpaka mwisho, maana ameletewa isale. Mkewe alitoka jikoni, akasikia, akarudi ndani na kufunga mlango.

Mwishowe Yoeli akanyoosha mkono akalichukua jani.

"Banda hukuchoma?"

"Sikuchoma, mzee."

"Maji uliyaziba?"

"Niliyaziba."

"Mama yako ameaibika mbele ya watu kwa ajili ya kosa ambalo hukulifanya, kwa sababu ulificha ulilolifanya. Na mimi nimepeleka isale kwa askari." Akalizungusha lile jani vidoleni. "Jumapili utakaa benchi la nyuma, la wanaotubu. Na mimi nitakuja kukaa hapo nyuma na wewe, nitawaeleza watu sababu yangu. Kesho maji ni yangu. Nenda ukayafungue wewe."

Alfajiri Bariki alipanda kwenye kichwa cha mfereji na kufungua maji ya Yoeli. Msimu ule wote alifanya hivyo, na alisaidia kujenga banda jipya mpaka paa. Ubatizo wa Anjela ulicheleweshwa, kisha ukafanyika. Aliyemshika mtoto mbele ya mchungaji alikuwa Yoeli. Mama Hanna alianza tena kupita njia ya mpakani.

Tangu hapo watu walianza kuja kwa Tabitha. Mwanangu kachukuliwa, lazima aseme? Halazimishwi. Wanataka aweke dole. Amesomewa? Amekiri kwa askari, ameshakwisha? Hajakwisha. Majirani wanasema ni yeye. Walimwona, au wamedhani? Aliwapeleka Boma, akakaa nao kwenye nyasi, akanyonyesha hapo watoto wengine aliowazaa baadaye. Lakini Anjela anasema kulikuwa na jambo jingine, na hilo mama yake hakulisema Boma. Alilisema mtu akishaachiwa, njiani wakirudi.

"Alikuwa anasubiri mpaka wafike mahali pasipo na watu. Halafu anamuuliza taratibu, haya, sasa niambie mimi. Wengine walikasirika. Wengine walilia. Wengine, siku ya pili, unawaona wanapita na jani mkononi."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Anjela na ndugu zake, kwa wajukuu, kwa ukoo wa Bariki na kwa majirani wa mfereji ule, poleni sana. Msiba wenu tumeupokea hapa studio kama wa kwetu. Siku ya mazishi, tumeambiwa, watoto wa Yoeli walifika kabla ya wote. Walikuja na miche ya isale, wakaipanda kuzunguka kaburi, wakaenda wenyewe mferejini kuchota maji ya kuimwagilia. Maji yalikuwepo.

Wewe unayetusikiliza jioni hii, huenda kuna mtu unamshuku. Jiulize ulimwona, au umedhani. Na huenda kuna jambo uliloulizwa ukanyamaza, na ilikuwa haki yako kunyamaza. Sasa aliyekuuliza ameshaondoka. Jirani yako bado yuko palepale, ng'ambo ya mpaka.

Mama Tabitha, pumzika.